Sir Gilbert Walker: Aliyepigia hesabu mvua za India, jibu likaonekana Ziwa Victoria

Agosti 3, 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza na kulitazama ziwa ambalo baadaye alilipa jina la Malkia wa nchi yake. Miaka 100 na miezi mitatu baadaye, Novemba 4, 1958, alifariki dunia huko Coulsdon, kusini mwa London, mwanahisabati Sir Gilbert Thomas Walker, akiwa na umri wa miaka 90.

Jina la Speke limo katika vitabu vya historia na kila mwanafunzi wa Mwanza amelisikia. La Walker halijulikani kwa wavuvi wa mwalo wa Kirumba, wala kwa akina mama wanaoanika dagaa kandokando ya ziwa huku wakiliangalia wingu. Hata hivyo, kati ya Waingereza hao wawili ni Walker aliyekaribia zaidi kueleza kwa nini maji ya ziwa hilo hupanda miaka fulani na kushuka miaka mingine, ingawa nia ya kazi yake haikuwa hiyo. Alitafuta mvua za India.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake, kiasi cha asilimia 80, haiingii kwa mito bali hunyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na mengi ya maji hayo hurudi hewani kwa njia ya mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Kwa hiyo ziwa ni kama beseni lililoachwa uani. Mvua ikizidi hujaa, ikipungua hushuka, na mwenye kusoma alama za kina chake anasoma mvua ya ukanda mzima. Vipimo hivyo vilianza kuchukuliwa mwaka 1896.

Walker alizaliwa Juni 14, 1868 katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, akakulia Croydon karibu na London. Alisoma shule ya St Paul's, kisha Chuo cha Trinity, Cambridge, ambako mwaka 1889 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani mkuu wa hisabati. Heshima hiyo ilikuwa kubwa na mzigo wake ulikuwa mkubwa vilevile, kwani mwaka uliofuata afya yake iliporomoka na akalazimika kupitisha majira kadhaa ya baridi nchini Uswisi ili apate nafuu. Huko alijifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo alioupenda maisha yake yote.

Alikuwa mtu wa mapenzi mengi. Aliandika juu ya nguvu za sumaku na umeme. Alichunguza filimbi na kutafuta namna ya kuiboresha, na alitumia muda mrefu kutazama jinsi ndege wakubwa wanavyopaa bila kupiga mabawa. Pale Cambridge alirusha bumerangi, kile kipande cha mti kilichopinda cha wenyeji wa Australia ambacho humrudia mrushaji, na hesabu alizoandika kueleza mwendo wa chombo hicho zilimpatia jina la utani lililodumu. Kwa mtu wa namna hiyo, hewa inayozunguka na kurudi ilipotoka haikuwa jambo geni.

Mwaka 1904 alipewa kazi ambayo hakuwa ameisomea. Aliteuliwa kuwa mkurugenzi mkuu wa vituo vya hali ya hewa nchini India, akichukua nafasi ya Sir John Eliot. Wadhifa huo haukuwa wa mapambo. Mwaka 1877 pepo za msimu ziliinyima India mvua na mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Baada ya balaa hilo serikali ya kikoloni iliwataka wataalamu wake watabiri mvua za msimu, na utabiri ukatolewa, ukitegemea zaidi wingi wa theluji katika milima ya Himalaya. Mwaka 1899 Eliot alitabiri mvua nzuri. Badala yake ukaja ukame mwingine, na njaa nyingine.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Watafiti waliokusanya maandishi ya wasafiri na wamisionari wameonyesha kwamba karibu na mwaka 1878, India ilipokuwa imetoka kuzika watu wake, Ziwa Victoria lilipanda kwa kiasi kikubwa. Kwa watu wa zama zile hayo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana, yaliyotokea pande mbili za bahari moja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaweka katika jedwali moja.

Walker ndiye aliyeanza kuweka mambo ya mbali katika jedwali moja. Alipofika India alikiri kwa vitendo kwamba hakuna nadharia ya kutosha ya kueleza mvua, hivyo akachukua njia ya mhasibu. Alikusanya vipimo vya mvua, joto, mito na mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa unaosomwa kwa barometa, kutoka vituo vilivyotapakaa duniani. Kisha akapima ni kipimo gani hupanda au kushuka pamoja na kingine, hata miezi kadhaa baadaye. Hesabu zote zilifanywa kwa mkono na makarani wa Kihindi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka mingi. Sifa ilimwendea mkurugenzi; majina ya makarani hao hayatajwi sana pale uvumbuzi wake unaposimuliwa, na hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Miongoni mwa alama alizotumia kukisia mvua za India ilikuwamo moja ya kwetu, nayo ni mvua ya Zanzibar ya miezi ya Aprili na Mei. Katika kanuni yake ya hesabu, masika makubwa kule Unguja yalihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa mkulima wa India. Pamoja nayo aliweka theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa kisiwa cha Mauritius na ule wa Amerika ya Kusini. Hivyo ndivyo masika ya Mzanzibari yalivyoingia katika ofisi za Shimla. Kilichopimwa Unguja kilimsaidia mtu wa Bombay. Mkulima wa pamba wa Usukuma hakuwa katika hesabu hiyo.

Katika safari zake za kikazi Walker alifika pia Madras, ambako alionyeshwa madaftari ya karani mmoja kijana wa bandari asiye na shahada. Alitambua kwamba aliyeyaandika si mtu wa kawaida, na mwaka 1913 akauandikia uongozi wa chuo kikuu cha huko kumwombea msaada. Karani huyo alipewa posho ya rupia 75 kwa mwezi ili afanye hisabati tu. Alikuwa Srinivasa Ramanujan, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Hata kama Walker asingefanya lolote jingine, barua hiyo ingetosha kumtaja.

Lakini alifanya. Kutoka katika majedwali yale aliona pembea tatu za hewa, mbili katika bahari za kaskazini na moja kubwa kuliko zote katika ukanda wa joto na kusini mwake. Mwaka 1924 aliipa hiyo ya tatu jina la Mbembeo wa Kusini. Maana yake ni kwamba mgandamizo wa hewa ukiwa mkubwa katika Bahari ya Pasifiki, huwa mdogo katika Bahari ya Hindi kuanzia Afrika hadi Australia. Miaka mingine mambo hugeuka, kama mizani ambayo sahani moja ikishuka nyingine hupanda. Mvua nayo hufuata, ikiongezeka pale mgandamizo unapopungua. Maelfu ya kilomita hutenganisha sahani hizo mbili, lakini zilionekana kuwa zimefungwa kwenye mti mmoja.

Mwaka huohuo alipewa cheo cha Sir, akarudi Uingereza na kuwa profesa wa hali ya hewa katika Chuo cha Imperial, London, hadi mwaka 1934.

Wenzake wengi hawakuridhika. Walisema Walker anaonyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja, lakini haonyeshi kamba inayoyafunga. Pingamizi hilo halikuwa la husuda, na ushahidi wa hatari yake ulitoka katika Ziwa Victoria lenyewe. Mwaka 1923 mtaalamu mwingine Mwingereza, C.E.P. Brooks, alichapisha uchunguzi uliolinganisha kina cha ziwa tangu 1896 na madoa meusi yanayoonekana juu ya jua. Mistari miwili ilipanda na kushuka pamoja kwa uzuri wa kushangaza. Ilionekana kana kwamba fumbo la ziwa limefumbuliwa. Miaka michache baadaye uhusiano huo ulivunjika. Madoa ya jua yakaendelea na mwendo wake, na ziwa likaenda lake.

Walker alikuwa ameuona mtego wa aina hiyo mapema. Mwaka 1914 alieleza kihisabati kwamba mtu akilinganisha vitu vingi mno, lazima atapata viwili vinavyofanana kwa bahati tu, na akatoa kipimo kikali cha kuchuja bahati hiyo. Kuhusu utabiri wenyewe alikuwa na unyenyekevu ambao si wa kawaida kwa wenye vyeo. Hakupenda hata neno utabiri. Alichagua neno jepesi zaidi, lenye maana ya dalili inayotangulia. Aidha, alishauri kwamba dalili zikiwa hafifu ni heri ofisi inyamaze kuliko kuupotosha umma.

Kikwazo kingine kilikuwa cha kusikitisha zaidi kwake. Mbembeo wa Kusini hutulia na kuonyesha sura yake wazi baada ya mvua za India kwisha, si kabla yake. Mvua hizo huanza Juni, wakati ambapo mizani ile mara nyingi bado inayumba. Kwa lengo alilotumwa na serikali, uvumbuzi wake mkubwa ulichelewa kwa miezi michache. Alipofariki mwaka 1958, wanataaluma wenzake waliandika kwa heshima, lakini kwa mashaka, kwamba matumaini aliyokuwa nayo hayakuelekea kutimia.

Waliyaandika hayo wakati mbaya. Mwaka 1957 na 1958 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Dunia, ambapo mataifa mengi yalishirikiana kupima bahari na anga, na kwa bahati katika kipindi hichohicho maji ya Pasifiki yalipata joto lisilo la kawaida, hali ambayo wavuvi wa Peru wameiita El Nino tangu zamani. Vipimo hivyo vilimfikia Jacob Bjerknes, mtaalamu mwenye asili ya Norway aliyekuwa akifundisha Los Angeles, Marekani. Bjerknes akaipata kamba iliyokosekana: ilikuwa bahari.

Kwa maelezo yake, katika miaka ya kawaida pepo zitokazo mashariki husukuma maji ya juu yenye joto ya Pasifiki hadi upande wa Indonesia. Hapo hewa hupashwa joto, hupaa, hutengeneza mawingu na kunyesha. Kisha husafiri juu angani na kushuka ikiwa kavu katika pwani ya Peru, ambako maji ni baridi. Pepo zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki, mawingu huyafuata, na pepo huzidi kulegea. Bahari huugeuza upepo na upepo huigeuza bahari. Mwaka 1969 Bjerknes aliupa mzunguko huo wa hewa jina la Walker, na ndilo linalotumika hadi leo duniani kote. Mwenye jina alikuwa amekufa miaka 11.

Mzunguko huo una tawi katika Bahari ya Hindi, na ndilo linalotuhusu moja kwa moja. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi ya bahari hiyo huwa upande wa Sumatra. Hewa hupaa huko na kushuka kwetu, na ni moja ya sababu zinazoifanya Afrika Mashariki, ingawa iko kwenye ikweta, iwe kavu kuliko Kongo au Indonesia. Baadhi ya miaka hali hupinduka. Pepo za mashariki huvuma kando ya ikweta, maji ya Sumatra hupoa, ya pwani yetu hupata joto, na mawingu ya vuli huongezeka kutoka mwambao hadi maziwa makuu. Wanasayansi wa Japani waliielezea hali hiyo kwa ukamilifu mwaka 1999 na kuipa sura ya ncha mbili za bahari moja. Mara nyingi huja pamoja na El Nino, lakini inaweza kuja peke yake.

Ilikuja peke yake mwaka 1961, miaka mitatu tu baada ya Walker kuzikwa. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 9 mwaka huo katikati ya vuli iliyovunja rekodi. Hadi mwaka 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda karibu mita mbili na nusu, mashamba na majengo ya ufukweni yakaingiwa na maji. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili, El Nino na mgeuko wa Bahari ya Hindi, na ziwa likapanda kiasi cha mita 1.7 kufikia mwaka uliofuata. Baada ya mgeuko mwingine mkali wa mwaka 2019, kipimo cha Jinja kilisomeka mita 13.42 mwezi Mei 2020, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Mei 2024, baada ya El Nino nyingine, rekodi hiyo nayo ilipitwa.

Si kila kitu kinatoka baharini. Ziwa lina hali yake ya hewa. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji ya vuguvugu na kuzaa ngurumo zinazowapata wavuvi wa dagaa wakiwa na taa zao mbali na ufukwe. Kwa sababu ya mwelekeo wa pepo, Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka na Mwanza nusu yake tu, ingawa ni ziwa moja. Vilevile bwawa la Jinja, lililokamilika mwaka 1954, liliweka mkono wa binadamu kwenye mlango wa maji; ziwa liliposhuka mno mwaka 2006, ukame na maji yaliyofunguliwa bwawani vilichangia kwa pamoja.

Hata hivyo, kwa mkazi wa kanda hii jambo moja katika kazi ya Walker lina uzito kuliko yote. Ule ucheleweshaji wa miezi michache ulioipunguzia thamani kule India ndio unaoipa thamani hapa. Vuli huanza Oktoba. Kufikia Septemba mizani ya Pasifiki kwa kawaida imeshaonyesha inakoelemea, na joto la Bahari ya Hindi limeshapimwa. Kwa hiyo vuli ya Afrika Mashariki imekuwa miongoni mwa misimu inayotabirika vizuri zaidi katika ukanda wa joto, wakati masika, ambayo mzee huyo aliyategemea kutoka Zanzibar, bado yanawasumbua wataalamu. Hesabu iliyofanywa kwa ajili ya nchi nyingine ilisomeka vyema kwa watu ambao hakuna aliyewafikiria.

Tahadhari zake nazo zimebaki na kazi. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kubwa kama ile ya 1997, na serikali za ukanda huu zilionya juu ya mafuriko. Lakini Bahari ya Hindi haikugeuka kwa nguvu ileile, na mvua hazikufikia kiwango cha 1997. Wapo waliosema wataalamu wamekosea tena. Walker, aliyekataa hata kulitumia neno utabiri, huenda asingeshangaa.

Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake hukutana kabla ya kila msimu kulinganisha vipimo vyao. Kila mwaka kabla ya vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kwa mikoa, Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu ikiwamo. Taarifa hizo huanza na habari za joto la bahari, kwanza Pasifiki, kisha Hindi, na mwelekeo wa pepo. Wasomaji wengi huruka aya hiyo na kutafuta jina la mkoa wao.